Ndakamirira Amekataa Kuku

Kila asubuhi, Shangazi Ratidzo akiwa anafagia uwanja, mimi hukaa kwenye kizingiti cha jikoni na kikombe cha chai, nikichovya mkate. Hiyo ndiyo saa yangu pekee ya amani. Nikishameza kipande cha mwisho, dunia inaruhusiwa kuanza kunionea.

Jumatatu iliyopita dunia haikungoja hata kipande cha kwanza.

"Binti!"

Kichwa cha Mzee Muchadura kilikuwa kimeota juu ya ukuta unaotenganisha nyumba yake na yetu, kimevaa kofia ya kanisani. Mkate wangu ukazama ndani ya chai.

Shangazi akaacha kufagia. Hao wawili hawajasemeshana tangu mwaka wa mpera.

"Mwambie," Shangazi akaniambia mimi huku akimtazama yeye, "kama amekuja kuomba radhi, apite getini kama watu."

"Mwambie," Mzee akaniambia mimi huku akitazama mawingu, "sikuja kwake."

Kwa msomaji aliyenikuta njiani leo: mimi ni Shuvai, mwalimu mwenye cheti na asiye na darasa. Nilifukuzwa kazi kwenye duka la vitambaa kwa sababu wateja hawakusikia bei ninazotaja. Nilipoteza mchumba kwa sababu aliponiuliza kama nakubali, nilikubali kwa sauti ndogo mno, akaondoka akidhani nimekataa. Na wiki iliyopita mliniacha nje ya chumba cha usaili, ambako watu watatu waliniuliza jina langu, nikalitaja, wakaniuliza tena.

Mmoja wa hao watatu alikuwa Mzee Muchadura. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Naenda Harare kutolewa mtoto wa jicho," akasema kutoka ukutani. "Narudi Jumamosi. Nataka mtu wa kumlisha mbwa wangu."

Nikapiga magoti kidogo, nikapiga makofi ya adabu, nikasema ndiyo, Mzee. Nadhani nilisema.

"Amesemaje?"

"Amesema ndiyo!" Shangazi akanguruma. Kisha akagundua kwamba amemjibu, akajifunika mdomo kwa mkono wenye ufagio.

"Basi hilo ndilo tatizo lenyewe," Mzee akasema. "Kamati inakaa Jumatatu ijayo. Darasa la kwanza lina nafasi moja. Wenzangu wanasema cheti chako kizuri, ila huna sauti, na watoto wa miaka sita hawasomi midomo. Sasa nisikilize. Mbwa wangu haji mpaka aitwe kwa nguvu, na hali mpaka abembelezwe. Nikirudi nimkute mbavu zake zimefunikwa, nitasimama mbele ya kamati niseme binti huyu ana sauti na ana subira. Nikimkuta amekonda..."

Hakumaliza. Alivua kofia tu, kama watu wanavyofanya jeneza linapopita.

Shangazi alinigeukia. "Umesikia? Kazi yako iko tumboni mwa mbwa."

Na mbwa mwenyewe anaitwa Ndakamirira. Yaani, Nangoja.

Kwetu mbwa hapewi jina la bure. Nasikia wenzetu wa pwani, mtu akiwa na neno la kumrushia jirani, hulivaa kwenye kanga akapita mbele yake taratibu. Sisi neno hilo tunampa mbwa. Kisha asubuhi na jioni tunamwita mbwa kwa sauti, mlengwa anasikia, na hakuna aliyemtukana mtu.

Mtaa wetu wote hapa Chikanga unajua Ndakamirira alikuja kumwambia nani. Miaka minne nyuma Mzee alikata tawi la mpera wetu lililoingia kwake. Shangazi akamwita jina ambalo mhariri hataniruhusu kuliandika. Mzee akamtaka aombe radhi, Shangazi akacheka. Haukupita muda Mzee akaleta mtoto wa mbwa, akaanza kumwita asubuhi: "Ndakamirira! Ndakamirira!"

"Anangoja nimwombe radhi!" Shangazi akasema. "Mimi? Ratidzo?"

Na yeye akatafuta mbwa, akamwita Muchaneta. Yaani, Mtachoka.

Tangu hapo ndivyo tunavyoamka. Upande ule: Nangoja! Upande huu: Mtachoka! Hatujawahi kununua saa ya kengele.

Kabla hajashuka ukutani, Mzee aliniachia ufunguo. "Anakula nyama ya makopo. Nenda dukani, chagua utakayoona inafaa." Alisema hivyo akikuna ukuta kwa kucha. "Na kabati la chini, jikoni, usilifungue. Lina dawa ya panya."

Dukani nilimkuta Tarisai, tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Naye ana cheti kama mimi, anapanga makopo.

"Chakula cha mbwa?" akasema. "Mbwa wa nani, wa balozi?"

"Wa Mzee Muchadura."

"Yule mbwa mwekundu? Mwalimu, yule ni mbwa wa barabarani kabisa! Mpe ukoko wa sadza, ugali wa jana."

"Amezoea makopo."

Tarisai akanitazama kwa huruma, akanionyesha rafu. Sikujua mbwa wana mambo mengi kiasi hicho. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe katika mchuzi mzito. Kuku na karoti. Ini. Kondoo na wali. Matumbo. Kulikuwa na makopo ya mbwa wazee, ya mbwa wanene, na moja la mbwa wenye tumbo jepesi. Kwenye kila kopo mbwa mweupe alikuwa anacheka, meno yote nje.

"Chukua ng'ombe," Tarisai akasema. "Nani alishakataa ng'ombe?"

Nilimimina ng'ombe kwenye bakuli, nikasimama katikati ya uwanja wa Mzee, nikaita.

"Ndakamirira."

Panzi alinisikia. Mbwa alikuwa amelala nyuma ya tangi la maji, naona mkia wake.

"Ndakamirira!"

Mkia haukutikisika. Nikafumba macho, nikafikiria darasa la kwanza, madawati madogo, chaki.

"NDAKAMIRIRA!"

Mbwa akatoka. Lakini na sauti ya Shangazi nayo ikatoka, kutoka upande wa pili wa ukuta:

"MUCHANETA!"

"Shangazi, ni mimi!"

"Najua ni wewe! Lakini neno ni lake, siwezi kuliacha lipite bure!"

Ndakamirira alikuja akitembea kama askofu. Alinusa bakuli. Akaniangalia. Wasomaji wangu, yale macho niliyajua. Ndiyo macho ya wale watu watatu wa usaili.

Akarudi nyuma ya tangi.

Jumanne nikamletea kuku na karoti. Niliita mpaka mwanamke wa nyumba ya tatu akaja kuuliza ninangoja nini na kama naweza kukingoja ndani. Ndakamirira akaja, akatazama kuku, akageuka, akaanza kumrushia udongo kwa miguu ya nyuma. Alimzika kabisa, kwa heshima, kama anamzika jirani.

Jumatano asubuhi, ini. Alilipita. Jumatano jioni, kondoo na wali. Alikaa chini akilipa bakuli mgongo.

Vyakula vyote vilivyokataliwa nilivibeba nyumbani, na Muchaneta akavila vyote pamoja na karatasi ya kopo. Muchaneta hana tatizo na chakula. Alishakula sabuni, na kofia ya kanisa ya Shangazi, na tunda la plastiki. Kufika Jumatano usiku alikuwa na tumbo la mbunge, na Ndakamirira nilianza kumwona mbavu.

"Wewe unachagua vibaya," Tarisai akasema. "Jaribu matumbo."

"Wewe unaita vibaya," Shangazi akasema. "Unaita kama unaomba chumvi. Sisi wanawake wa ukoo wa mnyama mbunju tunaitwa Chihera. Nchi nzima inajua Chihera akisema, mlima unasogea. Wewe ni Chihera wa namna gani? Tumbo! Toa sauti tumboni!"

"Ninatoa, Shangazi."

"Umesemaje?"

Alhamisi Ndakamirira hakungoja nimwite. Nilipofungua mlango wa jikoni kwa Mzee, alinipita miguuni, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la chini, akaanza kukwaruza.

"Hapana! Humo kuna dawa ya panya!"

Akakwaruza zaidi. Alilia, kilio kile chembamba kinachoingia mtu kwenye mbavu. Kona ya mlango wa kabati ikaanza kumeguka. Nikaona tayari barua yangu ya kazi imelala chali, povu mdomoni. Nikafungua ili niitoe dawa niiweke juu.

Hapakuwa na dawa ya panya. Panya mwenyewe angeingia humo angedhani amekufa katika hali ya utakatifu.

Kulikuwa na maboksi yaliyofungwa kwa kamba ya buluu. Niliyajua. Mtaa wote unayajua. Kila mwisho wa mwezi dereva wa mizigo anayetoka Johannesburg huyashusha getini kwa Mzee, na watu husema, mwoneni Garikai, huyo ndiye mtoto, hajamsahau baba yake. Garikai ni mwanawe wa pekee. Aliondoka mwaka uleule wa mpera na hajarudi.

Unga wa maziwa ulikuwa haujafunguliwa. Samaki wa nyanya hawajaguswa. Maharage, jamu, mafuta ya kula, vyote vimepangwa kama duka. Kitu kimoja tu kilikuwa kinapungua: nyama ya ng'ombe ya kopo. Si ya mbwa. Ile ya watu, ile tunayoila Krismasi, tukiwa na bahati.

Na pembeni, makopo yake matupu, yameoshwa, yamepangwa moja juu ya jingine.

Ndakamirira alikuwa ameshakaa, mkia unafagia sakafu, kama mtu aliyeketi mezani kwake.

Nikakaa chini pamoja naye. Nikakumbuka Mzee anavyonunua mboga za majani kila jioni. Nikakumbuka kanisani, kwenye chakula cha harusi, anavyosogeza sahani na kusema nyama haimkubali.

Ilikuwa inamkubali mbwa.

Nilifungua kopo moja. Ndakamirira alikula akiwa amefumba macho. Mimi nikalia. Nalia upesi, hilo mmeshalizoea.

"Leo amekula?" Shangazi aliniuliza jioni.

"Amekula."

"Nini?"

"Nyama."

"Ya wapi?"

"Ya kopo."

Sikusema uongo hata neno moja, na sikuwahi kujisikia mwongo kiasi kile. Lakini ningemwambia Shangazi, kesho yake wauza nyanya wangekuwa wanajua. Mtu anaweza kuwa na ugomvi na nyama ya mwanawe. Hiyo ni siri ya nyumba yake, nami nilikuwa nimepewa ufunguo wa mlango tu.

Ijumaa mbavu zilianza kurudi ndani.

Jumamosi asubuhi nilifungua kopo, nikaosha bakuli, nikachana nywele. Mzee alikuwa anarudi. Nikasimama katikati ya uwanja, nikavuta pumzi tumboni kama nilivyofundishwa, nikafumba macho, na nawaambieni, mlima ulisogea.

"NDAKAMIRIRA! NDAKAMIRIRA WEEE! NJOO, BABA, NJOO!"

"Mimi?"

Nikafumbua macho. Getini alisimama kijana mrefu, mkoba begani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nimevuka mpaka, usiku kucha natukanwa," akasema. "Hakuna aliyeniambia ananingoja. Wewe ni nani?"

Sauti yangu yote, ile ya wiki nzima, ikarudi ilikotoka.

"Ni... mbwa."

"Mimi ni mbwa?"

"Hapana! Mbwa ndiye. Jina. Jina ni la mbwa."

Ndakamirira akatokea nyuma ya tangi, akampita mgeni kama mtu anayepita nguzo. Mgeni akamtazama, akacheka kicheko kizuri sana. Nakiri nilikiona kizuri.

"Mbwa anaitwa Ndakamirira! Kumbe bado mnagombana kwa mbwa mtaa huu. Anamsema nani?"

"Shangazi yangu. Pale."

"Mama Ratidzo? Kwa ule mpera?" Akacheka tena, akaweka mkoba chini. "Baba yangu ana moyo wa jiwe. Mimi ni Garikai. Shangazi yangu wa Harare alinipigia akasema Mzee amepasuliwa jicho. Nimekuja kwa basi. Usimwambie mtu. Mtu wa Johannesburg harudi kwa basi. Nilisema nitarudi nikiwa na gari."

Ningemjibu. Nilikuwa nimeshafikiria neno. Lakini macho yake yalikuwa yamefika mkononi mwangu.

Kopo.

Kicheko kikatoka usoni mwake polepole, kama maji yanavyoisha kwenye beseni.

"Hilo nalijua," akasema.

Nililificha mgongoni.

"Hilo nililinunua mimi. Kule Johannesburg nalala kwenye chumba cha watu wanne. Nyama mara ya mwisho sikumbuki. Nakula mkate na chai, ili Mzee ale nyama." Akalitazama bakuli, na Ndakamirira aliyefumba macho. "Unampa mbwa?"

Nilitazama bakuli na mimi. Watu wawili wanashindia mboga na mkate mkavu, mmoja huku na mmoja kule, na mbwa anashindia nyama.

"Baba ndiye aliyekuagiza?"

Hapo ndipo ningejiokoa. Neno moja tu, ndiyo. Lakini nilimwona mtu aliyesafiri usiku kucha, na nikaona neno hilo likimpiga kifuani: jasho lako baba yako anamtupia mbwa. Habari kama hiyo haipaswi kusikiwa kutoka kwa mlisha mbwa.

"Hapana," nikasema. "Ni mimi. Nilifungua kabati nililokatazwa. Mbwa alikuwa hali."

"Sijakusikia."

"NI MIMI!"

Upande wa pili wa ukuta ufagio ukasimama.

Na getini teksi ikasimama.

Mzee Muchadura alishuka akipapasa, jicho la kushoto limefunikwa kwa bandeji nyeupe. "Nani alikuwa anaita?" akauliza kabla hata ya salamu. "Nimesikia tangu kule kona ya duka. Dereva alidhani kuna moto."

"Ni mimi, Mzee," nikasema, nikapiga makofi ya salamu.

"Sasa umerudi kunong'ona. Lakini nilisikia, nilisikia." Alikuwa anatabasamu. Akainama, akampapasa Ndakamirira ubavuni, upande huu, upande ule. "Mbavu ziko ndani. Binti, umeweza! Ulimpa kopo gani?"

"Amempa la kwangu," Garikai akasema.

Alikuwa amesimama upande wa bandeji. Mzee hakugeuka mara moja. Mkono wake ulibaki mgongoni mwa mbwa, umekakamaa. Kisha kichwa kikazunguka, taratibu, mpaka jicho zima likamfikia.

Walitazamana. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Umekonda," Mzee akasema.

"Na wewe, Baba. Sasa nimejua kwa nini." Garikai alininyooshea kidole. "Huyu binti uliyemwachia nyumba, amefungua kabati lako, anamlisha mbwa nyama niliyokutumia. Amekiri mwenyewe."

Mzee akanigeukia. "Umekiri?"

Niliinamisha kichwa. Kukubali kwa kichwa ninaweza, hakuhitaji sauti.

Akaelewa. Niliona akielewa. Na nikaona pia jinsi mambo yalivyokuwa mepesi kwake. Hakuhitaji kusema chochote. Kutikisa kichwa kwa huzuni tu, aingie ndani, avue kofia. Mwanawe angeendelea kuamini kwamba baba alikuwa anakula. Yeye angebaki na heshima yake yote. Jumatatu kamati ingekaa, na darasa la kwanza lingempata mtu mwingine.

Akainama, akampapasa mbwa tena.

"Nani anamwita mwana wa kaka yangu mwizi?"

Kichwa cha Shangazi kilikuwa juu ya ukuta. Sijui alipanda nini, nadhani beseni. "Nimesikia yote! Mtoto huyu wiki nzima amebeba makopo kutoka dukani, kuku, kondoo, ini, mbwa wangu ni shahidi, mtazameni tumbo! Na wewe Muchadura unanyamaza? Miaka minne unaniambia unangoja. Haya, leo nimekuja mwenyewe. Mbele ya mwanao. Sema unangoja nini kwangu, nikupe au nikunyime, tumalize!"

Mzee akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza naona akimtazama bila kupitia mawinguni.

"Si wewe, Mama Ratidzo."

"Si mimi nini?"

"Jina la mbwa. Halikuwa lako."

Shangazi akafungua mdomo. Chihera, mwenye kusogeza milima, akaufunga.

"Mpera ni mpera," Mzee akasema. "Niliusahau wiki ileile. Mliposema mtaa mzima kwamba nakungoja wewe, nikaona afadhali. Hakuna aliyeniuliza zaidi."

Akavua kofia. Akageuka tena, lile jicho moja likamtafuta mwanawe.

"Huyu binti si mwizi. Nilimtuma dukani nikijua mbwa hatakula, kwa sababu niliona haya kumwambia anachokula. Nyama yako nampa mbwa mimi. Kila mwezi. Kwa mkono wangu."

"Baba..."

"Ngoja. Kila mwezi gari likija, nilikuwa natoka getini. Dereva anashusha boksi, na mimi natazama nyuma ya boksi. Kisha anafunga mlango, anaondoka. Nilijaribu kula, Garikai. Nilifungua kopo la kwanza nikakaa nalo mezani. Nikaona nikimeza, nitakuwa nimekubali kwamba boksi linatosha."

"Nilikuwa natafuta pesa ya gari," Garikai akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yangu. "Sikutaka urudiwe na mtoto wa basi. Watu wangesemaje?"

"Nani alikuagiza gari?"

Garikai aliokota mkoba wake, na sikujua kama anauokota ili aingie ndani au ili atoke getini. Nadhani hata yeye hakujua. Alisimama nao hivyo, mkanda mkononi.

Mzee akasogea hatua moja, kofia kifuani. Midomo yake ilijaribu mara moja ikashindwa. Mtu huyu amelitamka neno lile kila asubuhi na kila jioni, kwa sauti ya kuamsha mtaa, miaka minne, na sasa halikutaka kutoka.

Kisha likatoka. Alilisema polepole, kama mimi ninavyosema.

"Ndakamirira."

Nyuma yake bakuli likapinduka. Mbwa akaacha nyama yake, akaja mbio, akakaa miguuni mwa Mzee na kuinua uso.

Mzee hakumtazama. Alikuwa bado anamtazama mwanawe.

"Rudi ukale, wewe," akamwambia mbwa. "Leo sikukuita wewe."